Digrii Tano

Nimezipanga bolti kumi na nne
juu ya gazeti la juzi, karibu na jiko la kuni,
kila moja na kikaratasi chake:
boneti kushoto, boneti kulia, kibao cha namba, taa.
Ni Julai. Upepo wa kusini umefuata mto
na sasa unaligonga bati la banda kama mdai.

Braulio Arrambide ana miaka ishirini na sita
na glavu nyeupe za pamba.
Chama kimemtuma kutoka Montevideo
aje aamue kama gari la baba ndilo lenyewe.
Nimempa kibuyu cha yerba, amekataa kwa adabu;
kwanza anainusa nikeli.
Siongezi chumvi: anainusa.
Nikeli, anasema, ina umanjano wa siagi iliyolala,
kromu ni baridi, ina ubuluu wa maji ya kisimani,
na gari la mwaka wa ishirini na saba likikutolea meno ya kromu
ujue kuna mkono umepita.
Nati za mraba ni za kabla ya Mei.
Za pembe sita ni za baada.
Kiwanda hakikumtangazia mtu;
asubuhi moja sanduku liliisha, likafunguliwa jingine.

Anavisoma vichwa vya bolti
kama karani wa benki asomavyo sahihi za wakopaji.
Hii sawa. Hii sawa. Hii ina herufi iliyoinuka,
sawa, na hii mkia wa herufi umekatika,
kalibu ilikuwa imechoka, sawa zaidi.
(Sawa zaidi! Nikacheka. Yeye hakucheka.)

Ya kumi na moja, taa ya kushoto,
aliigeuza mara tatu.
Akatoa kitana cha chuma, meno kumi na sita kwa inchi,
akakilaza juu ya hesi, akaviinua dirishani:
mwanga ukapenya, mwembamba kama uzi wa buibui.
Idadi ya meno ni ile ile, mama, akasema,
lakini pembe siyo. Za Marekani ni digrii sitini.
Hii ni hamsini na tano, na migongo yake imeviringwa.
Hii ni ya Waingereza.
Inaingia, ndiyo. Inaingia kwa kulazimishwa.

Hapa mjini Waingereza walikuwa mahali pamoja tu.

Kiwanda cha nyama, king'ora cha saa kumi na moja alfajiri,
harufu ya mchuzi iliyolala nasi kitandani.
Baba alifunga makopo miaka kumi na tisa,
wakampekua getini siku ya Jumamosi
na Jumatatu hakuwa na kazi.
Walichokikuta hakikutajwa kamwe mezani petu.
Aliapa kwa kaburi la dada yake Perpetua:
sijachukua hata msumari.
Mama aliapa pia. Nami, nina miaka tisa,
nilimng'ata bega mtoto wa Olivera
kwa neno moja alilolisema njiani.

Hata msumari.
Sawa, baba. Msumari hukuchukua.

Braulio anafungua sanduku lake; anayo ya kweli,
nikeli, digrii sitini, peso mia tisa.
Nainunua. Uzito wake kiganjani si ule,
au ni mimi.
Anapoinama kwenye bawaba za mlango wa nyuma
nairudisha ile ya zamani tunduni mwake.
Mzunguko wa pili inagoma, inalia kidogo,
halafu inakubali, kama ilivyozoea.

Fomu ina mstari wa mwenye gari kujaza:
vipuri visivyo vya asili.
Naandika *hakuna*, kwa wino,
na herufi zangu zinatoka zimeinama kushoto, kama zake.
Braulio anapiga muhuri. Sasa anakunywa yerba.

Ile ya peso mia tisa imo mfukoni mwa aproni.
Usiku, nikiosha vyombo, inanigonga paja.